Mayai ya Nyumbani: Kutoka Kiotani Hadi Mikononi mwa Jirani

Habari za asubuhi, ndugu watazamaji. Karibuni hapa nyumbani kwangu Dodoma. Saa hizi ni saa nne kasoro robo, nipo bandani, na kama mnavyomsikia huyo mtetea anavyopiga kelele, kuna yai limetoka sasa hivi, bado lina joto. Kamera ameshika mwanangu, ikitikisika mtuvumilie.

Nina kuku 16: majogoo 2 na mitetea 14, nusu kienyeji na nusu chotara. Kuna majuma tunapata mayai mengi kuliko tunayokula, na mengi ninayagawa kwa majirani na ndugu. Video hii ni kuhusu hilo: namna ya kuokota yai, kulitunza na kulipima mpaka uwe na uhakika nalo unapomkabidhi mtu.

Nawaeleza kwa nini nalichukulia kwa uzito. Mwaka jana nilimpelekea jirani mayai 10. Alikuwa na wageni, anakanda unga wa maandazi, akayapasulia moja kwa moja kwenye unga. Yai la nne lilikuwa viza. Akamwaga unga wote. Mwenyewe hakuniambia neno, niliambiwa na binti yake baada ya wiki. Niliumia sana. Yale mayai niliyaokota nyuma ya kuni, mahali kuku alikojifichia kutaga, nikayachanganya na ya siku ile bila kupima. Tangu siku hiyo nimebadilisha utaratibu wote, na ndio huo mtauona leo.

Sogea huku kwenye viota, mwanangu, waone. Hivi ni viota 3 kwa mitetea 14. Kiota 1 kinatosha kuku 4 au 5. Ndani nimeweka maranda makavu, kina cha kiganja kizima. Pumba za mpunga zinafaa pia, na majani makavu yanafaa, mradi yasiwe na unyevu. Nayabadilisha kila Jumamosi, na yakichafuka katikati ya wiki siisubiri Jumamosi. Halafu angalieni: viota vipo chini kuliko fito za kulalia. Kuku hupenda kulala mahali pa juu. Kiota kikiwa juu kuliko fito, atalala humo na kunya humo, na asubuhi utaokota mayai yaliyopakwa kinyesi. Kazi kubwa ya usafi inamalizikia hapa. Ukikiweka kiota kikavu, siku nyingi huna la kuosha.

Naokota mara 3: saa nne asubuhi, saa nane mchana, na saa kumi na moja jioni. Kuku wengi hutaga asubuhi, lakini wapo wachelewaji. Yai likikaa kiotani mchana kutwa linakanyagwa, linapasuka, na kuku akishaonja yai lililopasuka mara moja atajifunza kuyadonoa. Tabia hiyo ikiingia bandani kuitoa ni kazi. Tena kwa sisi wenye jogoo kuna jambo la ziada. Yai lililorutubishwa likikaa kwenye joto, au chini ya kuku anayeatamia, kiinitete kinaanza kukua. Ukiliokota mapema na kuliweka penye ubaridi, halikui chochote, ni yai la kula kama mengine.

Naweka kwenye kikapu hiki cha ukili, chini kuna maranda kidogo. Mnaona siyarundiki, yanalala tabaka 1 tu.

Haya, tuingie jikoni. Kwanza nanawa mikono kwa sabuni, kabla sijashika kitu kingine chochote. Kuku mzima wa afya kabisa anaweza kubeba vijidudu vya salmonela kwenye kinyesi chake bila kuonyesha dalili. Watoto wanapenda kuokota mayai, nami napenda waokote, ila nao wananawa.

Sasa swali ninaloulizwa kila siku: je, yai linaoshwa? Langu jibu ni kwamba yai safi lisioshwe. Ganda la yai lina vitundu vidogo sana, maelfu kwa maelfu, hatuvioni kwa macho. Kuku anapotaga, yai linatoka limepakwa utando mwembamba unaokauka na kuziba vitundu hivyo. Ukiosha, umeutoa utando, na vijidudu vimepata njia. Mtu atasema, mbona Marekani mayai yanaoshwa? Ni kweli, kule yanaoshwa kiwandani, halafu yanakaa kwenye baridi mfululizo mpaka kwa mlaji. Nchi za Ulaya mayai ya dukani kwa kawaida hayaoshwi. Sisi ambao umeme unakatika na wengi hatuna friji, utando wa kuku ndio mlinzi wetu, tusiufute.

Hili hapa lina doa la tope. Tope limekauka, nalisugua taratibu kwa kitambaa kikavu kisicholaini sana. Limetoka. Hili jingine limepakwa kinyesi kibichi, haliwezekani kwa kitambaa. Naliosha, ila kwa maji ya vuguvugu yenye joto kuliko yai lenyewe, nalipitisha haraka, sililoweki. Maji ya baridi ni kosa: yai likipoa ghafla, kilichomo ndani kinasinyaa na kuvuta maji machafu kupitia vile vitundu. Baada ya kuosha nalifuta likauke, na hili halitoki nyumbani kwangu. Tutalila leo hii, likiwa limepikwa likaiva kabisa. Lenye ufa silili wala siligawi.

Penseli iko wapi? Ahsante. Kila yai naliandika tarehe ya kuokotwa. Natumia penseli kwa sababu wino wa kalamu au maka unaweza kupenya kwenye ganda. Andika upande butu, kwa sababu upande huo ndio utakaokuwa juu. Yai linawekwa ncha chini, upande butu juu. Kwenye upande butu kuna kifuko cha hewa, na likikaa hivyo kiini hakisogelei hewa, linadumu zaidi. Ya zamani yanakaa mbele, mapya nyuma, mkono uanze na ya zamani.

Pa kuyaweka. Mwenye friji, ayaweke ndani, si mlangoni maana pale yanatikiswa na kupigwa joto kila unapofungua. Yakishaingia friji yasitoke yakakaa nje tena. Yai la baridi likitolewa kwenye joto linatoka jasho, na unyevu ule juu ya ganda unawapa vijidudu mwanya. Asiye na friji kama mimi, tazameni hivi vyungu viwili. Kidogo kimekaa ndani ya kikubwa, katikati nimejaza mchanga, na mchanga naumwagia maji asubuhi na jioni. Maji yanapokauka yanaondoka na joto, chungu cha ndani kinapoa. Ndani ni pakavu, nimetandika kitambaa, na juu nafunika sahani kisha kitambaa kibichi. Njia hii inatufaa sana watu wa Dodoma kwa sababu hewa yetu ni kavu na upepo upo. Ndugu zangu wa Tanga na Dar es Salaam, hewa yenu ina unyevu mwingi, chungu hakitawapoza sana. Ninyi tafuteni kona yenye kivuli na hewa, na mgawe mapema. Na popote ulipo, usiweke mayai karibu na mafuta ya taa, vitunguu au samaki mkavu. Yai linavuta harufu.

Sasa kupima. Hapa naomba mtulie nami kidogo.

Mimi sigawi yai lililozidi siku 7. Hiyo ni sheria yangu ya nyumbani. Lenye tarehe ninayoifahamu sihangaiki nalo. Ila leo asubuhi tumeokota haya 6 chini ya mkokoteni, kuku ameyaficha, hayana tarehe. Nachukua bakuli la maji, natumbukiza moja. Mnaona? Limelala chali kabisa chini: ni la karibuni. La pili linasimama, ncha chini: limekaa siku nyingi. La tatu... hilo linaelea. Hilo tunalizika. Sababu ni ile hewa. Kadiri siku zinavyopita yai linapoteza maji kupitia ganda, kifuko cha hewa kinakua, linakuwa jepesi.

Lakini maji yanakwambia umri tu. Hayakwambii kama kuna kifaranga kinaanza humo ndani. Kwa hilo tunazima taa na kuwasha tochi ya simu. Fungeni pazia. Naligusisha yai upande butu kwenye tochi, nazungusha vidole kuziba mwanga usivuje. Hili ni jeupe lote, kivuli cha kiini kinapita tu. Na hili, sogea karibu, mnaona vimishipa vyekundu vimetawanyika kama miguu ya buibui? Hapo kuku ameliatamia siku kadhaa. Mshipa huonekana vizuri kuanzia siku ya 4 mpaka ya 7. Ikikaribia siku ya 21 ya kutotoa, utaona giza tupu. Yai la namna hii halimfai jirani yako jikoni. Na haya ya chini ya mkokoteni sigawi hata moja: yaliyopita vipimo vyote viwili nayatumia mwenyewe, tena nalipasulia kila moja kwenye kikombe kwanza.

Ukipasua yai safi ukakuta kitone cha damu kwenye kiini, usishtuke. Ni kimshipa kilichokatika wakati yai linatengenezwa. Wengi wanadhani ni dalili ya kifaranga, sivyo.

Kuna mayai ambayo sitagawa hata yawe mazuri kwa macho. Kuku wakipewa dawa ya antibiotiki, pakiti ya dawa inaonyesha siku za kusubiri kabla ya kula mayai au nyama, na dawa nyingine hazitakiwi kabisa kwa kuku wanaotaga. Someni, au muulizeni mtaalamu wa mifugo wa kata. Siku hizo zote nayaandika mayai alama ya X na kuyafukia. Inauma kufukia mayai, najua. Ila inauma zaidi kumlisha mtoto wa mwenzio dawa ya ugonjwa asioumwa.

Na trei, jamani. Usipokee trei ya karatasi kutoka kwenye banda la mwingine ukaingiza kwako, wala usipeleke yako. Haioshwi, na kideri, ule ugonjwa wa kuku unaoambukiza, kinasafiri kwa kinyesi kilichoganda kwenye trei. Kuku wangu nawachanja kideri kila baada ya miezi 3, tone 1 jichoni, lakini chanjo isiwe sababu ya uzembe. Mayai ya kugawa nayabeba kwenye kikapu, natandika maranda safi, naweka mayai, natia maranda mengine juu.

Kabla hujapeleka, uliza jambo 1: ya kula, au ya kuatamisha? Anayetaka ya kuatamisha mpe yasiyooshwa, yenye umbo zuri, yasiyozidi siku 7, kutoka kwa mitetea wanaotembea na jogoo. Anayetaka ya kula mwambie tarehe. Na kama anataka kuyachemsha, mpe ya siku 5 au 6 badala ya ya leo. Yai jipya sana likichemshwa, ganda linang'oka na nyama yake.

Haya, tumefika. Leo ni zamu ya bibi wa nyumba ya pili.

Hodi, bibi! Shikamoo.

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu. Umeniletea nini?"

Mayai 8, bibi, ya kula. Haya mawili ni ya Jumatatu, anza nayo. Mengine ni ya jana na juzi. Ila bibi, naomba yaive mpaka kiini kigande, usile ya majimaji.

"Nitayachemsha sana. Subiri, kikapu cha watu hakirudi kitupu."

Mnaona, ametujazia mlenda wa kukausha. Ahsante sana, bibi. Mlenda naupeleka jikoni, na kikapu nakianika juani mpaka jioni ndipo kirudi bandani.