Marekani Matibabu ni Bure? Leo Nalijibu Hili Swali

Wakubwa shikamooni, wadogo zangu hamjambo. Leo najibu swali moja tu, maana kila nikiweka video linarudi kwenye maoni: "Dada, huko si mnatibiwa bure? Mbona Watanzania wa Marekani kila siku mnachangishana hela za hospitali?" Na najua nikianza kujibu, kuna atakayesema naringia maisha ya huku, na mwingine ataniambia kama kugumu nirudi. Semeni tu, mimi nimeshaamua kuliongea.

Si bure. Kutibiwa utatibiwa, lakini bili itakufuata nyumbani. Tangu 1986 kuna sheria inayozibana hospitali zinazopokea fedha za Medicare, ile bima ya serikali ya wazee, na zenye idara ya dharura: mgonjwa akifika, lazima apimwe na hali yake itulizwe, awe na karatasi za ukaazi au hana, awe na hela au hana. Hiyo sheria naiheshimu sana, imeokoa watu wetu. Ila haimwondolei mgonjwa deni. Ndiyo maana mnatuona kwenye magrupu ya WhatsApp tunachangishana: mtu ameshapona, yuko nyumbani kwake, barua za madai ndiyo zinaingia.

Mama yangu alipokuja kunitembelea hapa Texas, presha ilimpanda usiku, nikapiga 911, namba ya dharura ya huku. Walimhudumia vizuri, hilo silifichi. Baadaye zikaanza kuja bili: ya hospitali peke yake, ya daktari peke yake, ya maabara peke yake, ya gari la wagonjwa peke yake. Kila moja ina namba yake ya simu, na ukipiga unasubiri mpaka mapumziko yako ya kazini yanaisha. Bima ya msafiri niliyomkatia ikakataa kulipa, ikasema presha alikuja nayo. Sasa nikiwa kwenye hali hiyo, kuna ndugu yangu kwenye kikao cha familia akasema natunga bili ili nikwepe mchango wa ujenzi. Najua anaangalia hizi video. Kaka, bili zote ninazo, na maneno yale yaliniuma kuliko hizo bili.

Turudi kwenye bima. Wengi mnadhani ukipata grini kadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, serikali inakukatia. Sheria ya mwaka 1996 inasema wengi wenye grini kadi wasubiri miaka 5 ndipo waweze kuomba Medicaid, ile bima ya serikali ya watu wa kipato cha chini. Na hata miaka ikitimia, inategemea unaishi jimbo gani. Obamacare, sheria ya bima ya afya ya 2010, ilitaka Medicaid ipanuliwe nchi nzima, lakini mwaka 2012 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba serikali ya Washington haiwezi kuyalazimisha majimbo. Ohio walipanua, Texas mpaka leo imekataa. Kwa hiyo rafiki yangu wa Columbus, Ohio, na mimi tunaweza kuwa na mshahara ule ule wa kulea wazee, yeye akapata, mimi nikakosa. Hapa Texas mtu mzima asiye na mtoto wala ulemavu, mwenye kipato cha chini kabisa, kwa kawaida hapati Medicaid na hapati ruzuku ya serikali ya kununua bima ya sokoni, yaani zile bima za kampuni binafsi zinazouzwa kupitia soko la Obamacare. Ndiyo jimbo linaloongoza Marekani kwa watu wasio na bima.

Hiyo ruzuku ndiyo iliyogombaniwa mpaka serikali ya Washington ikafungwa siku 43 kwa kukosa bajeti, kuanzia Oktoba 1, 2025. Wademokrat walitaka nyongeza ya ruzuku iliyoanza 2021 iendelee, Warepublican wakasema kwanza serikali ifunguliwe. Ikafunguliwa, nyongeza ikaisha mwisho wa mwaka. Baada ya hapo ada za kila mwezi zikapanda kwa mamilioni ya watu, wakiwemo wenzangu ninaosali nao ambao sasa wamekaa bila bima kabisa.

Na kabla ya hapo, Julai 4, 2025, Rais Trump alisaini sheria kubwa ya kodi na matumizi. Wataalamu wa bajeti wa Bunge wenyewe wamekadiria itaongeza watu milioni 10 wasio na bima kufikia 2034. Kuanzia 2027, watu wazima wengi walioingia Medicaid kupitia ule upanuzi itabidi wathibitishe saa 80 kwa mwezi za kazi, masomo au kujitolea. Wanaoitetea wanasema mwenye nguvu afanye kazi, na hilo hata mimi naliamini. Lakini wengi wao tayari wanafanya kazi. Jimbo la Arkansas walilijaribu 2018, watu zaidi ya 18,000 wakapoteza bima ndani ya miezi michache, wengi kwa sababu ya makaratasi. Mimi nimejaza fomu za nchi hii. Namwelewa kabisa mama wa zamu mbili anayeshindwa kuripoti saa zake kwenye mtandao.

Wanaoniliza zaidi ni ndugu zetu Wakongo waliokuja kama wakimbizi. Sheria hiyo hiyo inawaondoa wakimbizi kwenye Medicaid kuanzia Oktoba 1, 2026, mpaka wapate grini kadi. Mtu ametoka kambini ana majeraha, anaambiwa asubiri karatasi. Hili mimi nasema si haki, na mniandike nimesema.

Tena msidhani haki za hapa zilidondoka tu. Hospitali nyingi za kusini zilitenganisha wagonjwa weusi na weupe. Sheria ya haki za kiraia ya 1964 ikakataza fedha za serikali kwenda panapobaguliwa, na Medicare ilipoanza 1966, hospitali isiyowachanganya wagonjwa haikupata hela. Wamarekani Weusi ndio waliopigania hilo, na mimi leo nakaa chumba kimoja cha kusubiria na kila mtu kwa sababu yao. Hata mkalimani wa Kiswahili ambaye mama aliwekewa kwa simu anatokana na sheria hizo. Machi 2025 Rais alitangaza Kiingereza kuwa lugha rasmi na kufuta agizo la mwaka 2000 la kuwasaidia wasiokijua, lakini wajibu wa hospitali zinazopokea fedha za serikali kuleta mkalimani bado umo kwenye sheria. Muombeni, msione aibu.

Mnaotaka ushauri, hiki ni kilichonifaa mimi kwa hali yangu, ya kwako inaweza kuwa tofauti kabisa. Bili ikija usilipe siku hiyo hiyo. Omba mchanganuo wa kila huduma, halafu uliza fomu ya msaada wa kifedha, maana hospitali zisizo za faida zinatakiwa kisheria kuwa na utaratibu huo. Mimi walinipunguzia, baada ya kuwatumia hati za mshahara tena na tena.

Na dada aliyeuliza kuhusu mama yake anayekuja kumsaidia mkwe anayejifungua: kata bima kabla hajapanda ndege, na usome sehemu ya magonjwa ya zamani mstari kwa mstari. Dawa zake za sukari abebe za muda wote atakaokaa, na cheti cha daktari juu. Maswali ya viza msiniulize mimi, tafuteni wakili.