Kamati ikishavunjwa, hela yako utaidai kwa nani?

Haya jamani, shikamooni wakubwa, wengine mambo vipi. Nimeambiwa humu ndani kuna wapambaji, wapishi, watu wa keki, mafundi nguo, wapiga picha na ma-MC wawili watatu, yani wote tunaokula kupitia harusi za watu hapa Dar, na mi ni mpambaji kwa hiyo niko nyumbani. Nimepewa mada ya kuthamini kazi yako, ila mi nitaongea hela tu, hayo mengine mtamsikiliza anayefuata.

Tuanze na kamati. Nyie mnajua shughuli zetu zinavyoendeshwa, hela nyingi inatoka kwenye michango, na mchango unaanza kama ahadi, mtu anaandikwa kwenye daftari laki moja alafu wiki ya harusi anatoa elfu thelathini, au anazima simu kabisa. Mwenyekiti anakupigia, dada chukua hii nusu, inayobaki tutamalizana baada ya shughuli. Sasa baada ya shughuli nani yupo? Jumamosi watu wamekula wamecheza, wiki inayofuata kamati inakutana wananyweshana, wanajipongeza, kamati imevunjwa, maharusi wako Zanzibar, mweka hazina hapokei, na wewe maua ulichukua Kariakoo kwa mali kauli na mwenye maua ameshaanza kukupigia saa kumi na mbili asubuhi. Kukopa harusi kulipa matanga, wazee hawakuwa wanatania. Na yule mwenyekiti wala si mwizi, wengi wao ni watu wazuri tu, shida umekopesha kitu ambacho wiki mbili mbele hakipo tena.

Ndo maana mi kwangu bila nusu tarehe haishikwi, hata uwe unasali na mimi, na inayobaki inaingia siku saba kabla. Siku saba sio kwamba nimeota, hapo ndo naenda kununua vitu, na hapo bado naweza kusema hapana na wao bado wana muda wa kuchangishana. Asubuhi ya ukumbini umeshachelewa, utadai vipi na mama wa bibi harusi amekaa pale analia kwa furaha? Utaonekana una roho mbaya. Watu wa keki nyie ndo kabisaaa, keki ikishakatwa unaenda kuirudishaje.

Alafu kuna hili la bei, na hapa naomba mtoe simu zenu mfungue kikotoo, sitanii. Tuseme unauza keki ya ngazi mbili 150,000. Unga, mayai, siagi, sukari na aisingi vimekula 74,000. Boksi na kibao 10,000, gesi na umeme 8,000, bajaji ya kwenda sokoni na ya kupeleka keki ukumbini 18,000. Jumla 110,000, umebaki na 40,000 na hapo wengi ndo tunasema nimepata faida. Faida ya nini, hesabu masaa kwanza: sokoni matatu, kuoka manne, kupamba sita, kupeleka na kusubiri meza ipangwe matatu, masaa kumi na sita, yani umejilipa 2,500 kwa saa, na ile mashine ya kukorogea ambayo siku moja itakufa hujaiwekea hata mia, na kodi ya chumba hujaigusa. Ukikaa na hiyo hesabu usiku mmoja tu mwenyewe utapandisha bei bila mtu kukuhubiria.

Najua mtaniambia mbona jirani anafanya kwa laki. Mwache. Mteja akija na laki mpe keki ya laki, toa ngazi moja, toa maua, mwambie aje kuichukua mwenyewe. Ukishusha bei na kazi ikabaki ileile, ameelewa kwamba ile bei ya kwanza ulikua unamtapeli, na atakaemleta kwako atakuja ameshaambiwa, we bana tu, huyo anashuka.

La maandishi nitapita haraka. Kwa sheria yetu ya mikataba makubaliano ya mdomo nayo ni mkataba, tatizo ni kuthibitisha, kwa hiyo mkishaelewana kwenye simu muandikie kwenye WhatsApp, tarehe, kazi gani, bei, kalipa kiasi gani, salio lini, na aandike nimekubali. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 meseji za hivyo zinaweza kupokelewa mahakamani kama ushahidi, na deni la mkataba lisilozidi milioni 30 unaweza kulipeleka Mahakama ya Mwanzo, Kiswahili chako hichohicho. Sisemi mkashtaki kila mtu, lakini mdaiwa akishaona una meseji zake zote sauti inabadilika. Na anaekubali tu kwa mdomo hataki kuandika, mi huyo namuogopa.

Wanaofanya kazi za maofisi, wakikukata asilimia 5 ya huduma usije ukagombana na mhasibu wa watu, hiyo ni kodi ya zuio, yani kodi yako wanaikata kabla ya kukulipa na kuipeleka serikalini, ukifanya ya milioni mbili utaona imeingia 1,900,000. Dai cheti chake tu, usikiache, kinahesabiwa kwenye kodi yako ya mwaka.

Kuna dada hapo mbele ameuliza ndugu je, mtoto wa shangazi anaolewa na ukoo mzima unakuangalia wewe. Mi nafanya hivi, namwambia shangazi mchango wangu ni laki mbili, niandikeni kwenye daftari kama wengine, alafu napiga bei kamili ya mapambo, laki mbili naitoa hapohapo mbele yao, salio wanalipa kama mteja yeyote, nusu kwanza. Kwanza hata wao wanaona umechangia kiasi gani, maana ukifanya bure hakuna anaekuhesabu, utasikia kwenye kikao mbona fulani hajatoa mchango. Shangazi yangu alinuna kama mwezi hivi. Kwenye harusi ya pili alilipa.