Tao la Mawe na Ukingo wa Mto

Wazee wangu, ndugu zangu, nanyi wanafunzi mliosimama kule nyuma, ahsanteni kwa kuja.

Huenda mnajiuliza madaraja ya mawe ya kale yanatuhusu nini sisi watu wa Lindi. Mwenye shaka aende Kilwa Kisiwani. Msikiti Mkuu una kuba na matao ya matumbawe na chokaa, yaliyojengwa kabla Wareno hawajauteka mji ule mwaka 1505, na ndani yake hamna nondo hata moja. Fundi wa tao husimamisha kiunzi cha mbao, akapanga mawe kutoka pande zote mbili, na jiwe la mwisho huliingiza katikati. Kiunzi kikiondolewa, mawe hubanana yenyewe. Daraja la mawe ni kazi hiyohiyo, juu ya mto.

Kwa hiyo mzigo wa juu si adui mkubwa wa tao. Hatari iko miguuni. Mafuriko yakichimba chini ya msingi na mguu ukasogea, mawe huachiana na daraja likaanguka. Kule China, fundi Li Chun alilijua hilo. Daraja lake la Zhaozhou, lililokamilika mwaka 605 hivi, lina tao la mita 37 hivi, na kila begani alitoboa matao madogo mawili. Uzito ukapungua, na mto ukifurika maji hupata njia. Limesimama hadi leo. Namstahi sana fundi huyo.

Na sisi je? Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, mliona barabara ya Dar es Salaam ilivyokatika kule Somanga. Sasa tazameni mito yetu, kama Lukuledi. Mizizi ya mkuyu hushika ukingo, matete hupunguza kasi ya maji, na humo mdiria huvizia samaki. Tukifyeka mpaka majini, ukingo humeguka, mto hutanuka na kuanza kulila daraja ubavuni.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Najua bustani za bondeni zinalisha nyumba nyingi wakati wa kiangazi. Sisemi watu wafukuzwe. Nasema mikuyu isikatwe, na palipo wazi tupande.

Kabla mvua hazijaanza, shukeni chini ya daraja la kijijini kwenu. Mkikuta msingi umechimbika, mwambieni mwenyekiti siku hiyohiyo.

Karibuni kwa maswali. Tuanze na bibi pale mbele.