Tarehe ya Kuanika Ndiyo Itaje Tarehe ya Kupanda

Mhadhara kwa wakulima wa bustani za nyumbani, Dodoma

Shikamooni wazee wangu. Ndugu zangu wengine, habari za asubuhi. Namshukuru mwenyekiti kwa kunipa nafasi, na nawashukuru ninyi mliokuja na vikapu. Nimepita pale nyuma nikaona mgagani, nyanya chungu na kunde zenye majani mapana, nikafurahi sana.

Nimeombwa nizungumze juu ya bustani za nyumbani na namna ya kuhifadhi mavuno yake. Huenda mlitarajia nianze na samadi, mboji na nafasi kati ya mche na mche. Hayo mnayafanya, na wengi wenu mnayafanya vizuri kuliko vitabu. Mimi nataka tuanze na mwezi wa Oktoba.

Hapa kwetu mvua ni milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Ikifika Oktoba, ardhi imekauka miezi mitano, dumu la maji linanunuliwa, na fungu la mchicha sokoni limenywea huku bei yake imepanda. Lakini Machi ya mwaka uleule, majani ya kunde yalikuwa mengi mpaka mengine tukawapa mbuzi. Nyumba ni ileile, uwanja ni uleule, watoto ni walewale. Nimekuja kuwaambia kwamba bustani ya nyumbani, katika nchi yenye msimu mmoja wa mvua, ipangwe kuanzia mezani Oktoba, kisha turudi nyuma mwezi kwa mwezi mpaka siku ya kutupa mbegu ardhini.

Tufanye hesabu pamoja. Chukua familia ya watu watano. Kila mtu ale gramu 100 za majani kwa mlo, kipimo cha kawaida tu, maana Shirika la Afya Duniani linashauri mtu apate angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Watu watano ni nusu kilo mbichi. Majani kama mchicha au kunde ni maji kwa karibu asilimia 88, hivyo ukikausha kilo 10 unabaki na kilo moja na robo hivi, na ile nusu kilo inakuwa gramu 60 kavu, sawa na kujaza viganja viwili. Mkila mboga kavu mara tatu kwa wiki, kuanzia Agosti mpaka mwisho wa Novemba, ni wiki 17. Hesabu inatua kwenye kilo tatu kavu. Kilo tatu kavu ni kilo 25 hivi za majani yaliyochambuliwa. Hizo hazichumwi siku moja. Ni michumo mitano ya kilo tano tano, kazi ambayo mama na watoto wawili wanaimaliza bila kuacha shughuli nyingine.

Kwa nini basi hatuna hizo kilo tatu? Kwa sababu tunapanda zote pamoja mvua ya kwanza inaponyesha, zinakomaa zote pamoja Februari, na Februari hakuna pa kuanika. Mawingu yametanda, hewa ina unyevu, na majani yanavunda kwenye mkeka kabla hayajakauka. Mtu anajaribu, anapata kitu cheusi chenye harufu, anakata tamaa, mwaka unaofuata hajaribu tena. Huyo hakukosa ujuzi wa kukausha. Mbegu yake iliingia ardhini mapema mno.

Kwa hiyo pandeni mara mbili. Ya kwanza ni ya kula, na hiyo mwageni kidogo kidogo kila baada ya wiki mbili, maana mchicha wa kung'oa uko tayari ndani ya wiki tatu hadi nne, na ukimwagwa wote kwa mkupuo utawashinda. Ya pili ni ya kuanika. Kunde hutoa majani ya kuchuma wiki tatu hadi nne baada ya kupandwa. Mkizipanda katikati ya Machi, zitamalizia kukua kwa mvua za mwisho na unyevu uliobaki ardhini, na mtaanza kuchuma katikati ya Aprili, mawingu yanapopungua. Mei jua lipo, upepo upo, hewa ni kavu. Mwezi huo kijiji kizima kingepaswa kuwa na vichanja vilivyojaa. Fanyeni hivyo kwa mgagani, kwa mnavu, kwa matembele.

Sasa kukausha kwenyewe. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo chakula kinapopotelea.

Chuma asubuhi, umande ukishakauka. Chukua majani machanga kabla mmea haujaanza kutoa maua. Osha, chambua, toa vikonyo vigumu. Kisha yachovye majani kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja au mbili, au yaweke juu ya mvuke dakika mbili hadi tatu. Ndani ya jani kuna vimeng'enya ambavyo huendelea kufanya kazi hata baada ya kuchumwa. Ndivyo vinavyobadili rangi, ladha na virutubisho ghalani. Moto huo mfupi unavizima. Mvuke ni bora kuliko maji, kwa sababu vitamini C na baadhi ya vitamini B huyeyuka na kubaki kwenye maji. Sufuria yenye chujio la bati lililotobolewa matundu inatosha.

Mama mmoja ameniuliza tulipokuwa tunasubiri kuanza: je, atie magadi ili majani yabaki ya kijani? Mama yangu, usitie. Rangi itapendeza kweli, lakini magadi huharibu vitamini C na vitamini B1. Ukipika mlenda wako na magadi kidogo kama tulivyolelewa, hayo ni mapishi yetu na sina ugomvi nayo. Wakati wa kuchovya, yaache magadi kando.

Halafu kivuli. Hili nalisema kila ninapokwenda na nitaendelea kulisema. Jua kali linalopiga jani moja kwa moja hukausha haraka, lakini mwanga wake huvunja ile karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na vitamini A ndiyo inayolinda macho ya mtoto na kumsaidia kupambana na maradhi. Tunaanika mboga juu ya mwamba, tunapata majani makavu yaliyopauka, tunampa mtoto tukiamini amekula mboga. Inaniuma, kwa sababu dawa yake ni rahisi kabisa. Anika kwenye kichanja chini ya paa linalopitisha upepo, au juani lakini ufunike kwa kitambaa cheusi chepesi. Tandaza tabaka moja jembamba, geuza mara kwa mara, weka chandarua kuzuia nzi, na jioni ingiza ndani kabla ya umande.

Mnaoweza kuchanga kikundi, jengeni kaushio la jua: sanduku la mbao, sakafu nyeusi ya kunyonya joto, nailoni angavu juu, matundu ya hewa chini upande mmoja na juu upande mwingine. Hewa huingia, hupata joto, hupanda ikibeba unyevu. Joto lisimamiwe kati ya nyuzi 45 na 60. Likizidi, toeni nafasi zaidi ya hewa. Kwa majani, juu ya nailoni tupeni kitambaa cheusi. Kwa embe na nyanya si lazima.

Jani limekauka pale linapovunjika kwa mlio ukilifinya. Liache lipoe kabisa ndipo ulifungashe, maana likifungwa lina joto litatoa jasho ndani ya chombo na kuota ukungu. Weka kwenye chupa au ndoo yenye kifuniko kinachobana, mahali penye giza. Kwa wiki ya kwanza chungulia kila siku. Ukiona unyevu kwenye kuta za chombo, rudisha kichanjani siku hiyohiyo. Gawa pia kwenye vifurushi vidogo vya mlo mmoja mmoja, ili usifungue akiba yote kila unapopika.

Kuna vijana wanaona mboga kavu ni chakula cha shida. Ninawaomba wawasikilize bibi zao. Wagogo walikuwa na unga wa mlenda nyumbani mwaka mzima, na hadi leo unauzwa katika masoko ya mji huu. Wasukuma wana nsansa, majani ya kunde makavu, na wana michembe na matobolwa: michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa vibichi, matobolwa vimechemshwa kwanza. Watu hao walipanga mwaka wao kwa akili nyingi, bila friji na bila soko la jirani. Tunachoongeza sisi ni kivuli na kifuniko. Na wenye viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, vikaushwe kwa uangalifu uleule na viliwe mapema, kwa kuwa karotini yake hupungua sana ndani ya miezi michache hata vikiwa vimefungwa vizuri.

Nyanya zina njia zake. Kwa kuzikawiza zisioze kwa wiki chache, hewa kavu ya Dodoma inatupa bahati ambayo watu wa Tanga na Dar es Salaam hawana. Mwalimu mmoja wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, alipata tuzo ya Rolex mwaka 2000 kwa kusambaza chungu ndani ya chungu: chungu kidogo ndani ya kikubwa, mchanga katikati, mchanga uloweshwe asubuhi na jioni, kitambaa kibichi juu. Maji yakivukizwa kupitia ukuta wa udongo huchukua joto la ndani. Pwani hewa imeshajaa unyevu, chungu hicho hakipoi sana. Hapa kwetu kinapoa.

Kwa kuzitia kwenye chupa, naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu kosa la hapa linaua. Kuna bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Hukua mahali pasipo na hewa na pasipo na uchachu wa kutosha, na sumu yake hupooza misuli mpaka ile ya kupumulia. Nyanya ziko mpakani, nyingine zina uchachu wa kutosha na nyingine hazina. Kwa hiyo kila chupa ya nusu lita itiwe kijiko kikubwa kimoja cha maji ya limau, yale ya chupa ya dukani ambayo ukali wake haubadiliki. Nyanya zipondwe, zichemshwe, zimiminwe zikiwa moto kwenye chupa safi, zifungwe, kisha chupa zizamishwe zote kwenye maji yanayochemka. Pwani ni dakika 35. Hapa tuko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na maji yetu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100, kwa hiyo ni dakika 45. Mwenye ndugu Njombe, ambako ni juu zaidi ya hapa, amwambie 50. Bamia, maharage mabichi, majani ya kunde: hayo msiyafunge kwenye chupa kwa njia hii hata kidogo. Yakausheni.

Achari ya embe na ya ndimu mnaijua. Siki na chumvi visipunguzwe kwa kubana matumizi, basi.

Sasa karanga, kwa sababu mboga kavu bila karanga ni nani ataila? Na ni vizuri, mafuta ya karanga husaidia mwili kuipokea ile karotini. Lakini karanga na mahindi ndiyo makao ya sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Haya hayakutokea mbali. Kupika hakuiondoi. Karanga iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye ukungu au ladha chungu itupwe, na asipewe kuku pia. Kausha juu ya turubai, usianike kwenye udongo mtupu. Kwa mahindi kuna kipimo cha bure: tia punje kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu, tikisa, acha dakika kumi na tano. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado hayajakauka.

Kunde za punje na maharage zitieni kwenye mifuko ya PICS, ile yenye nailoni mbili ndani na mfuko wa kusuka nje. Ilibuniwa huko Kamerun na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa ajili ya kunde hasa. Ukiifunga ikabana, fukusi hukosa hewa na kufa bila dawa yoyote.

La mwisho ni kupika. Suuza mboga kavu haraka kuondoa vumbi, kisha iloweke kwenye maji safi mpaka ilainike, na uipikie maji hayohayo. Nyanya kavu na kitunguu kwanza, mboga ifuate, karanga iliyosagwa iingie mwishoni kwa moto mdogo. Vitamini C nyingi imeshapotea katika kukausha, hivyo wape watoto ubuyu kando ya ugali. Mibuyu imetuzunguka, na unga wake hukaukia ndani ya tunda lenyewe.