Kata Paji la Uso, Kidevu Kiache

ZUHURA: Karibuni tena. Leo tunakata picha za nyuso. Kaka Baraka, kuna kosa moja halikosekani: picha imekatwa juu kidogo tu, ncha za nywele zinagusa ukingo.

BARAKA: Anayeitazama anadhani mpigapicha hakuangalia. Ukiamua kukata kichwa, kata kweli. Ukingo upite katikati ya paji la uso, macho yakae kwenye theluthi ya juu. Jicho la mtazamaji hujaza utosi lenyewe bila taabu. Kidevu hakijaziki hivyo. Taya ndiyo inayoupa uso umbo.

ZUHURA: Na viungo?

BARAKA: Kiwiko, kifundo cha mkono, goti: usipitishe ukingo hapo, mtu ataonekana kigutu. Pita katikati ya paja au ya mkono wa juu.

ZUHURA: Sasa ile ya kumsukumia mtu kona. Mwaka 1946 mpigapicha Arnold Newman alimpiga picha mtunzi wa muziki Igor Stravinsky akiwa kwenye piano, New York. Baadaye akaikata picha kwa ukali: kifuniko cheusi cha piano kikatawala fremu, mtunzi akabaki kona ya chini kushoto.

BARAKA: Inakubali kwa sababu kifuniko kina umbo kali juu ya ukuta mweupe. Ukimsukuma mtu kona halafu ukaacha pazia lenye maua, hujafanya kitu.

ZUHURA: Tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo wengi huumia. Picha ya megapikseli 24, yaani pikseli (nukta za picha) milioni 24, ni 6000 kwa 4000. Punguza kila upande nusu, unabaki na 3000 kwa 2000.

BARAKA: Megapikseli 6, yaani robo. Na chapa ya inchi 8 kwa 10, kwa pikseli 300 kwa inchi, inataka 2400 kwa 3000. Tayari umepungukiwa. Kwa simu, pikseli 1080 kwa 1350 zinatosha kabisa.

ZUHURA: Si bora kusogea karibu wakati wa kupiga?

BARAKA: Sogea, ila ukishuka chini ya mita 1 pua inakua na masikio yanarudi nyuma. Hilo huletwa na umbali, kwa hiyo kukata hakutalirekebisha. Kaa mita 1.5, halafu kata.

ZUHURA: Kuinamisha fremu je?

BARAKA: Digrii 3 zinaonekana kama bahati mbaya. Mimi naanzia 15. Lakini jua gharama yake: ukibaki na uwiano wa 3:2, digrii 15 zinakula karibu asilimia 45 ya pikseli, maana pembe zote nne zinaondoka.

ZUHURA: Lo! Kwenye Lightroom Classic, programu ya kuhariri picha, bonyeza R kufungua kifaa cha kukata, X kugeuza fremu isimame au ilale. Tengeneza nakala pepe (virtual copy) kwa kila jaribio, ya kwanza ibaki salama. Wa Photoshop, ondoeni tiki ya kufuta pikseli zilizokatwa.

BARAKA: Na ukali wa picha uupime baada ya kukata, ukiikuza kwenye skrini hadi asilimia 100. Chembechembe zilizokuwa zimejificha zitajitokeza, hasa kama uliinua vivuli kwenye ngozi nyeusi.

ZUHURA: Ukiigeuza iwe nyeusi na nyeupe?

BARAKA: Ngozi ya kahawia inakaa kwenye slaida za chungwa na nyekundu, vile vitelezi vya kupunguza au kuongeza mwanga wa kila rangi. Shusha chungwa, uso unapata uzito mzuri. Ila ukiishusha peke yake, nyekundu ikabaki juu, mashavu yanatoka mabaka na midomo inang'aa kuliko uso. Zishushe pamoja, kidogo kidogo, huku ukitazama ukingo wa midomo.