Brashi ya Waya Ibaki Nyumbani: Mhadhara Kisumu Kuhusu Makaburi ya Kijeshi ya Taveta

Walimu, wanafunzi, na wazee mliofika kutoka Kano na Nyakach, hamjambo nyote.

Habari za Vita vya Kwanza vya Dunia kule Taveta mnazijua. Wajerumani waliiteka Taveta Agosti 1914, Waingereza wakarudishwa nyuma kwenye kilima cha Salaita tarehe 12 Februari 1916, na Machi Taveta ikakombolewa. Sitarudia. Leo nazungumzia mawe, kwa sababu kwenye orodha ya vifaa vya safari yenu ya Taveta nimeona brashi ya waya na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Vitoeni, tafadhali!

Makaburi ya kijeshi ya Taveta yako chini ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, nayo ina watu wake wa kazi. Mgeni hasafishi jiwe hata likiwa limejaa kuvu. Anapiga picha na kuwaarifu. Nitakayosema yanahusu yale makaburi mengine, ya makanisani na mashambani, na hata huko ruhusa huombwa kwanza.

Jiwe la chokaa lina vitundu visivyoonekana kwa macho. Ile dawa ikiingia humo haitoki yote hata ukisuuza mara kumi. Ikikauka huacha chumvi. Chumvi hunyonya unyevu usiku, mchana inaganda tena, na kila ikiganda inausukuma uso wa jiwe kutoka ndani. Mwanzoni jiwe linameta na kila mtu anafurahi. Miaka michache baadaye uso unabanduka kama ganda la kitunguu, na jina linakwenda nao. Siki na limau ni balaa zaidi, maana asidi huyeyusha chokaa: lile povu unaloliona ni jiwe lenyewe linaloisha. Waya nao hukwaruza, kisha huacha chembe za chuma zinazoshika kutu mvua ya kwanza ikinyesha.

Mtaniuliza, tusiposugua tutasomaje? Kwa mwanga. Nendeni alfajiri au jioni jua likiwa chini, au mmoja akinge jiwe kivuli na mwingine amulike tochi kutoka ubavuni, mwanga ukiambaa juu ya uso wa jiwe. Herufi iliyokwisha karibu yote itatoa kivuli chake. Msipake chaki wala unga.

Palipo lazima kuosha, gongeni kwanza jiwe polepole kwa kidole. Likitoa mlio wa kitu chenye uwazi, uso umeachana na ndani, basi liacheni. Likiwa zima, lilowesheni kwa maji matupu, tumieni brashi laini ya nailoni, anzeni chini mkipanda juu. Ukianzia juu, maji machafu hutiririka kwenye jiwe kavu na kuacha michirizi. Lita kumi kwa jiwe moja si nyingi.

Kunakili: namba ya askari, cheo, jina, kikosi, tarehe, umri. Andikeni kama ilivyochongwa, hata mkiona kosa. 3 na 8 hudanganya sana, na 1 na 7, kwa hiyo wasome watu wawili, kila mmoja peke yake.

Muda unakwisha, na hili ndilo lililonileta. Sehemu ya chini ya mawe mengi ya Tume kumechongwa maneno ya familia. Waliruhusiwa herufi 66, nafasi zikihesabiwa. Familia za wapagazi wa Kariakoo, yaani Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo ya jeshi, hazikuulizwa hata herufi moja. Mwaka 1917 Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa mkoa hapa hapa Kisumu, ndiye aliyepewa kazi ya kuwakusanya watu kwa maelfu, na Nyanza ilitoa wengi mno. Waliuawa zaidi na kuhara damu, malaria na nimonia kuliko risasi. Waliozoea mtama na wimbi walilishwa unga wa mahindi usioiva, matumbo yakaharibika. Ripoti ya Tume yenyewe ya 2021 ilikiri kwamba watu waliokufa katika vita hivyo wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa.

Kwa hiyo kabla ya kupanda basi la Taveta, kila mwanafunzi akae na mzee wa nyumbani kwao. Daftari, penseli, si kalamu ya wino inayochujuka. Andika jina la aliyechukuliwa kama linavyotamkwa nyumbani, jina la baba yake, kijiji, alichukuliwa lini, na nani alimwona mwisho na wapi. Nakala mbili, moja ibaki kwa mzee.