Mtaro wa Reli: Kuchora Ramani ya Mchezo wa Vita vya Tanga kwa Programu ya Bure

Asanteni kwa kuja. Kabla sijasema mengi, naomba karatasi hii ipite mkononi kwa kila mmoja. Ni A3. Bahari iko juu na kulia, mji wa Tanga kushoto, Ras Kasone kulia, na katikati vichaka na mashamba. Nimeichora kwa Inkscape, programu isiyolipiwa, kwenye kompyuta ya kawaida. Juu yake watu wawili wanapigana upya vita vya Novemba 1914 kwa kete na dadu.

Jenerali Aitken wa Uingereza alileta kutoka India wanajeshi wapatao 8,000. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alimkabili na watu wapatao 1,000, wengi wao askari wa Kiafrika. Tarehe 5 Waingereza walikuwa wamerudi melini, silaha chungu nzima wameziacha nyuma. Mchoraji anajiuliza: ni kitu gani katika ardhi hii kilichosaidia wachache kuwarudisha wengi? Hicho ndicho cha kuchora. Nyumba nzuri nzuri na minazi ya kupendeza iacheni, inamchanganya mchezaji.

Ramani nimeigawa kwa pembesita, vyumba vyenye pande sita ambamo kete hukaa. Mbona si miraba kama ya drafti? Kwa sababu kwenye mraba anayekwenda kwa kona anasafiri mara 1.41 ya anayekwenda moja kwa moja, na wote wawili mmewahesabia hatua moja. Pembesita ina majirani sita, wote umbali sawa. Charles S. Roberts, Mmarekani mbunifu wa michezo ya vita, aliitumia katika mchezo wake wa Gettysburg mwaka 1961, na wachezaji hawakuiacha tena.

Kutoka Ras Kasone hadi mjini ni kama kilomita 3. Nikaamua pembesita moja iwe mita 200, maana yake ni hatua 15 za kupenya vichakani. Kwenye karatasi nikaipa upana wa milimita 20, ili kete ya milimita 15 ikae na vidole vipate pa kuishikia. A3 iliyolazwa inabeba 21 kwa upana, yaani kilomita 4.2. Vita vyote vinaenea.

Sasa tazameni kwenye skrini. Nachora pembesita moja tu, ncha ikiangalia juu. Kisha naiambia programu izae nakala, safu 17 zenye 21 kila moja. Kila safu isogee pembeni asilimia 50, kwa zamu, na ipande juu asilimia 25 ili ncha ziingie katikati ya zilizotangulia. Angalieni, zimeshikana kama sega! Na nakala hizi zinamfuata mama yake: nikibadilisha unene wa mstari wa ile ya kwanza, zote 357 zinabadilika. Bahari, vichaka na maandishi kila kimoja nakiweka kwenye tabaka lake, nikikosea pwani nisiguse mji.

Hapa ndipo pa kukaa kidogo. Mashariki ya mji, reli ilikuwa imechimbiwa chini ya usawa wa ardhi, ikawa kama mtaro mrefu, na watetezi waliutumia. Ramani yangu ya kwanza niliupaka mtaro huo ndani ya pembesita. Mchezo ukaharibika. Wachezaji waliingiza kete mtaroni zikakaa humo kama ngomeni, na mshambuliaji hakuwa na njia. Nilikuwa nimekosea maana ya kitu chenyewe. Mtaro ule ni kitu cha kuvukwa, na baadhi ya wanajeshi wa Aitken waliuvuka kweli wakaingia mjini. Basi nikauhamishia kwenye kingo, mstari mnene kati ya pembesita na pembesita. Anayeuvuka analipa hatua ya ziada na anapigwa risasi wakati huo huo. Mstari mmoja umehama milimita 10, na vita vimekuwa vita.

Reli yenyewe ifikisheni hadi ukingo wa karatasi. Vikosi vya Lettow-Vorbeck vilishuka kwa treni kutoka Moshi, lazima viwe na mlango wa kuingilia.

Kuhusu kuchapa: wekeni pembeni mstari wa milimita 100. Mashine nyingi za kuchapa hupunguza ukurasa kimyakimya ili uenee. Pimeni kwa rula nakala ya kwanza papo hapo dukani, kabla hamjalipia kumi.

Dada pale nyuma ameuliza kuhusu nyuki. Ni kweli, risasi ziliwachokoza na wakawashambulia wanajeshi vichakani. Sikuwachora. Ningechora mizinga ya nyuki, kila kamanda angeizunguka, na hakuna aliyekuwa na habari hiyo siku ile. Nyuki wangu wanakaa kwenye dadu: kikosi kikifyatua risasi kichakani na dadu mbili zikatoa sita na sita, kinarudi nyuma pembesita mbili, kiwe cha upande wowote.